Kitabu cha Visanduku Thelathini na Viwili

Kwa wiki nzima nilikosa usingizi kwa sababu ya kitabu nilichopewa bure. Swali lilikuwa moja tu: nimwambie mama mdogo kilichomo ndani, au ninyamaze nikiweke sandukuni pamoja na vingine? Nikifikiria kumwambia, najiona namuumiza mara ya pili. Nikifikiria kunyamaza, najiona mwizi. Nililala ubavu huu na jibu moja, nikageukia ubavu wa pili na jibu jingine. Mama, ambaye chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta usiofika juu, aliniuliza asubuhi moja kama kitanda changu kimeingia kunguni.

Nieleze kwanza habari za sanduku. Nakusanya vitabu vya zamani vinavyohusu michezo. Nilianza nikiwa chuo, nilipokuta kwa muuza vitabu vya mitumba mwongozo mdogo wa mwalimu wa michezo, uliopigwa chapa kwa mashine ya mkono, unaoeleza namna ya kuchora uwanja wa netiboli kwa kamba na majivu. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa penseli: "Majivu yakiisha tumia unga wa chaki." Nilimfikiria mwalimu huyo kutwa nzima, ameinama juani na kopo lake la majivu, na sikuweza kukiacha kitabu. Baadaye nikapata cha karata, jalada limeliwa na mchwa. Nikapata sheria za mpira wa miguu za miaka ambayo nilikuwa sijazaliwa, na kijitabu cha michezo ya watoto kutoka Kipatimu, chenye rede na kombolela na nyimbo zake zote. Sasa nimehitimu, nimerudi Kilwa Masoko, naandika barua za kuomba kazi na kumsaidia mama dukani. Vitabu hivyo ndivyo kitu pekee ninachoweza kukionyesha bila kuona haya. Kila kimoja nimekifunga kwa nailoni.

Watu hudhani mimi ni mchezaji. Sichezi chochote. Nikikaa kwenye drafti nafikiri hatua moja mpaka mwenzangu anakwenda kuswali na kurudi. Kitabu cha mchezo hakinihimizi.

Basi bibi mzaa mama, anayeishi Nyangamara, alipiga simu. Alikuwa anaezeka nyumba upya, anatoa nyasi anaweka bati, na fundi amegoma.

"Amegoma nini, bibi?"

"Lile furushi la babu yako. Linaning'inia kwenye boriti. Anasema hapandi mpaka litolewe, na hapa hakuna wa kulitoa."

Furushi hilo nililijua tangu utotoni. Ni kitabu ndani ya kitambaa cheupe, kimefungwa kwa kamba ya mkonge, kimetundikwa juu kuliko mikono ya watu. Babu alikuwa mtu wa Kilwa Kivinje aliyekwenda bara kushona nguo, akaoa huko akabaki. Alifariki kabla sijazaliwa. Aliwaambia wa nyumbani kwamba ni kitabu cha elimu nzito na kisiguswe, nao wakaelewa wanavyoelewa watu wa kwetu: kitabu cha mkono, cha herufi za Kiarabu, kisichosomwa hadharani, hicho ni cha nyota na majini. Hakuna anayekifungua kitabu cha namna hiyo ambacho si chake.

Mmoja alikifungua. Mama mdogo, mdogo wake mama, alikuwa darasa la saba, mwenye akili kuliko wote pale shuleni, na babu alikuwa ameshafariki. Alipanda juu ya kinu, akakishusha, akakitazama. Wiki ile ile aliugua homa, na siku ya mtihani hakuweza hata kushika kalamu. Mwalimu wa madrasa aliitwa. Alifungua ukurasa mmoja, akaona visanduku vilivyopangwa safu safu na tarakimu ndani yake, kama vile vya hirizi, akafunga haraka. Akasema kitundikwe kilipokuwa na binti asomewe dua. Aliposema hivyo hakuwa na ubaya wowote. Lakini mama mdogo hakwenda sekondari, na tangu siku ile hagusi karatasi kama inaweza kuguswa na mtu mwingine. Pale chama cha msingi, wanapopima korosho, anaweka dole gumba, mtu anayejua kuandika kuliko karani.

Nilikwenda. Basi hadi Lindi, gari jingine, kisha bodaboda. Bibi alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda. Huko chuo walikuwa wanakulisha vitabu?"

Nilimwuliza kwa nini ananiita mimi.

"Wewe si unaokota vitabu vya zamani? Chukua na hiki. Ukae nacho hukohuko Kilwa. Kama kina madhara, wewe umesoma, kitakudhuru kwa Kiingereza."

Nilipanda ngazi ya fundi, nikakata kamba, nikalishusha furushi. Fundi alikuwa amesimama ng'ambo ya banda la mbuzi. Mama mdogo alisimama mbali zaidi, kwenye mkorosho wa kwanza, mikono ameifunga ndani ya kanga. Nilipomwamkia aliitikia marahaba huku anatazama begi langu, wala hakunisogelea hata nilipoaga.

Nilikifungua Kilwa, baada ya siku mbili za kukizunguka. Mimi pia nimekulia hukuhuku. Nilitia udhu kwanza, nikijiambia ni kwa sababu ya adabu tu.

Karatasi zilikuwa nene, zimepata rangi ya chai. Kila ukurasa ulikuwa na safu nne, kila safu visanduku vinane, na ndani yake tarakimu za Kiarabu na nukta. Nikajumlisha tarakimu za ukurasa wa kwanza. Sitini na nne. Wa pili, sitini na nne. Wa tatu vilevile. Nikaacha kujumlisha, kwa sababu nimesikia kwamba visanduku vya hirizi navyo hujumlishwa vikatoa hesabu moja. Nikakifunga, nikaenda dukani, nikamuuzia mtu madaftari, nikarudi.

Chini ya kila mchoro kulikuwa na mistari miwili mitatu. Niliisoma kama nilivyofundishwa madrasa, nikitafuta Kiarabu, nisipate kitu. Kisha nikajaribu kuisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, polepole kama mtoto, nikasikia Kiswahili kikitoka kinywani mwangu: "Hapa alidhani amenibana. Nikala kichwa cha kushoto, nikaendelea kula hadi mwisho, asibakiwe na kitu mbele."

Ilikuwa ni bao. Safu nne, mashimo manane manane, kete sitini na nne; kichwa ni shimo la mwisho la safu ya mbele, na nyumba ni shimo la kuwekea akiba ya kete. Kumbe babu alikuwa anaandika michezo aliyocheza, mmoja baada ya mwingine, na mahali alipofungwa hakuficha: "Nilivunja nyumba mapema. Upumbavu wangu." Kurasa za nyuma kabisa wino ulikuwa wa bluu, wa kalamu ya biki. Aliendelea kuandika hadi uzeeni.

Sikuamini mpaka nihakikishe, kwa hiyo nilinakili mchoro mmoja kwenye karatasi, nikaupeleka kwa fundi cherehani anayecheza bao nyuma ya soko. Alipanga kete akazitazama.

"Umeitoa wapi hii?"

"Nimeiota."

"Basi uliyemwota ni mtu mbaya sana." Akawaita wenzake. "Njooni muone. Mtu ana kete chache hivi na bado anakula."

"Achia hiyo ya kulia," mmoja wao alisema.

"Niachie hiyo nife? Huo mtego, wewe. Ndiyo maana wewe unafungwa na watoto."

Walibishana mpaka adhana ya alasiri, na mmoja aliyetangulia msikitini alirudi kutoka mlangoni kuja kusema amepata jibu. Lilikuwa lile lile la babu.

Ningefurahi, lau si mama mdogo. Kwa mkusanyaji, kitabu cha bao cha mkono, kwa herufi za zamani, ni kitu ambacho unaweza kutafuta maisha yako yote usikipate. Nilikuwa nacho mezani. Nikisema ukweli, hakitakuwa tena kitu cha kutupwa mbali, kitakuwa kumbukumbu ya baba yao, na nitakuwa sina haki nacho. Nikinyamaza ni changu. Na sababu za kunyamaza nilizipata nyingi, nzuri zote. Bibi atagundua kwamba mumewe alimficha jambo. Mwalimu wa madrasa ni mzee, kwa nini aaibike? Na mama mdogo, utamwambiaje mtu aliyefika umri wake kwamba alichokuwa anakiogopa ni mashimo ya bao? Nilizipanga sababu hizo kila nilipolala, na kila asubuhi niliona zote zinaishia kwenye sanduku langu.

Bibi alipiga tena. Bati limekwisha kupigwa, nyumba inang'aa mpaka kuku wanashangaa. Halafu akasema binti wa mama mdogo amefaulu, amepangiwa shule, na amekuja na fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza.

"Mama yake hataki kuigusa. Anasema akiishika yeye, mtoto atapatwa kama alivyopatwa yeye. Imekaa chini ya sahani tangu Jumatatu. Njoo uijaze wewe, mume wangu."

Nilisema nitakuja. Nilipokata simu nilikuwa bado sijaamua. Lakini wakati nafunga begi niliona mkono wangu umekitia kitabu kwanza, kabla ya nguo.

Nilipofika sikusalimia sana. Niliogopa nikikaa nitaanza kufikiri. Nilichukua jembe la mkono, nikachimba uwani mashimo thelathini na mawili, safu nne. Nikaomba korosho ghafi kutoka kwenye gunia, kama wanavyofanya watoto wa huko wasipokuwa na kete.

"Mume wangu amerudi na wazimu," bibi alisema, lakini alivuta kigoda.

Nikatoa kitabu. Mama mdogo, aliyekuwa anapepeta mpunga mlangoni, aliinuka na ungo wake.

"Usiondoke, mama mdogo. Sikuombi ukiguse. Nihesabie tu. Mimi nasoma, wewe unaweka korosho."

"Mwanangu, kirudishe hicho."

"Nikimaliza ukurasa mmoja nakirudisha begini."

Alilitazama begi. Kisha akaweka ungo chini, akachuchumaa upande wa pili wa mashimo, mbali na kitabu. Nikasoma: mbili, hakuna, moja, tano. Safu ya kwanza mkono wake uliweka korosho moja moja. Safu ya pili ulikuwa mwepesi. Safu ya tatu aliacha kunisubiri, alikuwa anatazama mashimo yote kwa pamoja. Tulipomaliza haikubaki korosho hata moja, kwa kuwa nilikuwa nimehesabu sitini na nne.

"Hili ni bao," alisema.

"Ndiyo. Lote. Kila ukurasa." Nikawasomea maneno ya babu, ya nyumba aliyovunja na upumbavu wake.

Bibi alisogeza kigoda karibu. "Baba yangu aliniozesha kwa babu yako kwa sharti aache bao. Akaapa." Alitazama bati jipya. "Kumbe ndiyo maana nguo za wateja zilikuwa zinachelewa."

Mama mdogo hakucheka. Alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, akatazama mashimo. Nilisubiri alie au anitukane, na nilikuwa nimejiandalia maneno kwa yote mawili.

"Kwa hiyo ile ilikuwa homa," alisema.

"Ilikuwa homa, mama mdogo."

"Homa tu ya malaria." Aliliweka neno hilo kama aliyekuwa anaweka korosho. Akaunyosha mkono, si kwangu, kwenye safu ya mbele, akaokota korosho za shimo moja na kuanza kuzisambaza. Zilikula kichwa cha kushoto. Alisita, akatafuta zaidi, na ndipo bibi alipocheka, kwa sababu aliyekaa pale vumbini alikuwa anakunja uso sawasawa na marehemu babu.

Fomu ililetwa jioni kutoka chini ya sahani. Nilikuwa nimeshatoa kalamu yangu, maana ndiyo kazi niliyoitiwa. Mama mdogo aliichukua kalamu mkononi mwangu. Meza ilikuwa na mafuta, karatasi ilikuwa nyembamba, akatazama huku na huku akitafuta kitu kigumu cha kuandikia. Akakiokota kitabu cha babu, akakiweka magotini, fomu juu yake, akaanza na jina la mtoto, akibonyeza kwa nguvu kama mtu ambaye hajashika kalamu siku nyingi.

Mimi niliye na mazoea ya kufunga vitabu kwa nailoni nilitazama jalada lile likipokea alama ya kila herufi. Ulimi ulinijia mpaka kwenye meno, nimzuie. Nikaurudisha.

Asubuhi nilipanda bodaboda na begi lenye nguo tu.