Siku Mama Mkwe Alipokataa Salamu

Nakumbuka vizuri siku ile, mwanangu, maana ilikuwa Jumapili, Idi pili, na tulialikwa kwenye bwawa la hoteli moja huku mtaani Bugolobi. Watu wazima kando ya maji walikuwa wengi kuliko watoto waliokuwa ndani, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake anatazama.

Mama mkwe wangu, Bi Zuhura, aliweka kiti ukingoni, akawapa wageni wenzetu mgongo. Majirani zetu wa Kiganda walipiga magoti kumwamkia, kama ilivyo ada yao, lakini yeye hakugeuka. Niliona aibu, nikamnong'oneza kwamba wageni wamepiga magoti.

"Waambie wainuke," alisema. "Watoto wakishatoka majini, nitawaamkia."

Wifi yangu akacheka, akasema mama leo yuko lindoni kama askari wa kambi ya Mbuya.

Nilikuwa bado nawaomba wageni radhi mama mkwe alipoinuka na kuingia majini na baibui lake. Aliibuka na kaka yako Hamidu mikononi. Hapakuwa na kelele wala maji kuruka. Mtoto alikuwa amezama kimya, karibu na miguu ya marehemu baba yenu, aliyekuwa akisimulia mpira. Hamidu alikohoa, akatapika maji, ndipo akalia.

Mama mkwe, nguo zikimchuruzika, aliniambia, "Ulikuwa unawaza wageni watasema nini. Mtoto anayezama haiti mtu." Kisha akaenda kuwaamkia wageni, mmoja mmoja, kama alivyoahidi.

Mimi nilijifunza kusoma nikiwa mjane, na sioni haya kusema hivyo. Nilipoweza kusoma, nilirudi kulisoma bango la bwawa lile: mwokoaji hayupo, kila mzazi alinde watoto wake. Lilikuwa pale siku zote.

Jumamosi hii unawapeleka wajukuu wangu kuogelea. Basi chagueni mlinzi, naye ajulikane kwa jina. Asishike simu, asile, asiitikie salamu hata ya shehe. Akichoka, amkabidhi mwenzake uso kwa uso, naye ajibu kwamba amepokea. Asiyejua kuogelea asitoke mahali mkono wako unapofika. Mkikuta geti la uzio wa bwawa halifungiki, rudini nyumbani na chakula chenu. Na wote wafundishwe kuogelea, kama Hamidu alivyofundishwa baada ya Idi ile. Wageni wakinuna, waambie mimi ndiye niliyeamuru.

Mungu akurudishie watoto jioni wakiwa na nywele mbichi, wana njaa, wanagombana. Amin.