Tulivyojipanga kwa makumi kama watu wa Nabii Musa, mgomo wa mahamali, Majengo

Wakuu, salaam aleikum, na wasiotumia salamu hii nao nawaheshimu.

Nimepita tisini, naandika kwa kidole kimoja. Umri huu nidanganye kwa faida gani?

Nimesoma humu mtu akisema wazee wetu walikuwa makondoo, wakipigwa wanyamaza. Nimekasirika. Hebu kaeni.

Miaka ya arobaini, vita vimekwisha, mimi ni mke mchanga hapa Majengo, Mombasa, nina binti anyonyaye. Mume wangu Hamadi alikuwa hamali, akibeba magunia kwenye magodauni ya Shimanzi, kando ya bandari. Ujira haukutosha hata kodi ya chumba. Mahamali wakagoma.

Hamadi ndiye waliyemfanya kiongozi. Basi baraza yetu ikajaa watu. Huyu hana unga, yule kaonekana akienda kazini kwa kujificha, wale wamegombana. Tangu alfajiri hadi magharibi, yeye tu. Akakonda, sauti ikamkauka.

Mwenzake wa kazi, Elia, Mkristo wa Rabai, akamketisha. Akamwambia Nabii Musa naye aliamua mambo ya Bani Israili peke yake, mpaka mkwewe akamwonya kuwa atachakaa, yeye na watu wake. Achague wakuu wa makumi, wa hamsini, wa mia. Wamche Mungu, wawe wakweli, wachukie rushwa.

Hamadi alikuwa kasoma chuo cha Kurani. Akacheka. "Musa ni wetu sote," akasema. "Tumfuate."

(Ndiyo, wakuu, hilo neno "wakuu" ndilo hilo hilo mnaloitana humu. Enzi zile lilikuwa na kazi.)

Wakajipanga kumi kumi. Elia hakutaja wanawake. Mimi sikungoja kutajwa. Nilizichukua nyumba kumi za kichochoro chetu: nani ana unga, nani mgonjwa, sufuria moja, uji mmoja.

Mtihani ukaja mchana kweupe. Msimamizi wa godauni alimtuma mtu na gunia la mchele hadi mlangoni kwangu. Nimshawishi mume wangu arudi kazini, basi, mchele wangu.

Maziwa yalikuwa yamenipungua, mwanangu analia. Sifichi, niliutazama ule mchele.

"Rudi nao," nikamwambia. "Nyumba hizi zikila uji, nami nala uji."

Kesho yake askari wakamchukua Hamadi. Msimamizi akapanda juu ya lori pale Shimanzi, akatangaza kiongozi yuko ndani, mgomo umekwisha, kila mtu ashike gunia.

Elia akamjibu, wala hakupaza sauti: "Mmemchukua mmoja. Sisi kila kumi ina mkuu wake."

Akaketi chini. Kumi yake ikaketi. Ikafuata nyingine, na nyingine, mpaka uwanja wote. Sisi wanawake tulikuwa ng'ambo ya barabara na masufuria yetu. Tukaketi nasi.

Ujira uliongezwa, kidogo. Hamadi akatoka, ila bandarini hawakumwandika tena. Aliuza makaa mtaa wa Kuze mpaka alipofariki. Hakuomba radhi kwa mtu, nami sikutaka aombe.

Nililojifunza: kiongozi anayetaka kila jambo lipite mkononi mwake anawaandalia watu wake siku ya kuanguka. Gawa kazi, wape waaminifu, halafu waamini.

Mwenye babu au bibi aliyekuwapo siku ile naye aseme. Na anayepinga apinge hapa hapa. Mimi nipo, sijalala.