Hesabu Yangu kwa Moyo wa Baba Furaha

Kosa ni langu. Naanza hapo, maana nikianza na vita nitaishia kuitupia vita lawama zote, na hii vita yetu imekwisha kubebeshwa madhambi ya kila mtu hapa Uvira.

Mimi ni muuguzi kwenye kituo kidogo cha afya mu Kasenga. Watu wananiita docta. Siyo docta, lakini sikumbuki siku niliyowakatalia. Jina tamu, jamani!

Mapigano yaliposhuka tena kwenye tambarare ya Ruzizi, Baba Furaha alifika kwetu kutoka Bwegera pamoja na mke wake na mtoto wao Furaha. Mlimaji wa mpunga, miaka sitini na miwili. Moyo wake ulikuwa umechoka, hausukumi damu vizuri, miguu inavimba. Docta wetu wa kweli alimwandikia vidonge, kimoja kikiwa cha kutuliza mapigo ya moyo. Akasema atembee pole pole kila siku, mimi nimsimamie. Wiki iliyofuata docta mwenyewe akavuka mpaka na jamaa yake. Nikabaki mimi.

"Siku tulikimbia, muke wangu alinisukuma juu ya kinga, hii baiskeli yetu, barabara yote, sawa gunia," Baba Furaha aliniambia. "Vita ikifika hapa, minye nataka kutembea na miguu yangu. Sitasukumwa tena."

Niliipenda hiyo roho. Nikakumbuka hesabu tuliyofundishwa shuleni: chukua mia mbili na ishirini, toa umri wa mtu, unapata mwisho wa mapigo ya moyo wake kwa dakika, akijikaza kabisa. Nikapata mia moja hamsini na nane. Nikachukua sehemu saba kwa kumi, ikawa kama mia moja na kumi, hapo ndipo afike akitembea. Nikaiandika kwenye fishi yake, ile karatasi ya mgonjwa, kwa kalamu nyekundu. Nilijiona mtu mkubwa!

Tukaanza kupanda ile njia ya kuelekea mlimani. Nilimbana kidole na kale kamashine ka kuhesabu mapigo. Themanini na nane. Kesho yake, themanini na tisa. Mzee anahema, jasho linamtoka, namba imekwama.

"Docta, niko nachoka."

"Kaza roho, papa! Bado hata hujafika mia!"

Nilimwita mvivu. Ndiyo, nilimwambia mbele ya mke wake kwamba mlimaji mzima anashindwa na kamlima ka watoto wa shule. Akacheka, akainuka, akatembea tena. Mpumbavu alikuwa mimi.

Halafu nikapata akili, ile mbaya. Nikajiambia: ni kile kidonge kinachoshikilia mapigo chini! Badala ya kuiacha hesabu, nikaacha dawa. Nikamwambia asikimeze tena mpaka tumalize mazoezi.

Mama Furaha alishtuka. "Docta, yule mwingine alisema asikiache hata siku moja."

"Mama, nani iko hapa leo, yeye ao mimi?"

Akakifunga kile kidonge kwenye pembe ya kitenge chake. Mungu wangu, jinsi alivyokifunga!

Siku ya nne kamashine kakaonyesha mia moja na kumi na mbili. Nilipiga makofi pale njiani! Baba Furaha alinitazama, midomo imegeuka rangi, akajaribu kucheka, pumzi ikamkatalia. Miguu ilikuwa imevimba mpaka viatu havikumwingia. Nikasema ni kwa sababu ya kutembea, itapungua. Alfajiri ya siku ya pili yake akafariki, ameketi kitandani anatafuta hewa.

Ningeishia hapa, ungesema ni kutojua. Ngoja.

Kwenye kilio, ndugu za marehemu walikuwa wamekwisha kumpata mwenye hatia, mke wake. Mama Furaha alikuwa anampikia ndagala, vile visamaki vikavu vya chumvi, kwa maana ndio tuliokuwa tunapata wakati ule. Kaka mkubwa wa marehemu akasimama katikati ya watu, akanigeukia.

"Weye docta, sema ukweli. Ni chumvi, ama siyo chumvi?"

Mama Furaha aliniangalia. Alikuwa anajua habari ya kidonge. Alikuwa anangoja niseme.

Nikasema, "Chumvi ni mbaya sana kwa muntu wa moyo."

Uongo haukuwamo hata kidogo. Ndivyo nilivyomzika yule mama akiwa hai! Hawakumwacha hata amalize siku za kilio. Shamba la mpunga wakachukua, Furaha wakamshika, yeye akapanda kwa kaka zake upande wa Bijombo na nguo alizovaa.

Docta aliporudi, nilimweleza hesabu yangu tu. Akashika kichwa. Akasema hiyo ni ya watu wenye afya, tena hata kwao ni ya kukisia. Mgonjwa wa moyo anayemeza dawa ya kutuliza mapigo hafiki huko, wala hatakiwi kusukumwa afike. Sikumweleza habari ya kidonge. Mpaka leo nabana kidole cha mgonjwa, nasoma namba mara tatu, na watu wanasema docta amezeeka.

Ninyi mnaofanya kazi hii, nawaomba, sikilizeni pumzi ya mtu. Akitembea huku anaongea na wewe, inatosha. Akishindwa kumaliza maneno, mketishe. Akisema amechoka, amechoka! Na dawa ambayo hukuiandika wewe, usiiguse.

Hata hapa nimeficha jina, mnaona. Kwa hiyo ungamo hili halimsaidii Mama Furaha kitu, maana hakuna shemeji atakayemrudishia mtoto wake kwa barua ya mtu asiyejulikana. Ukikosa, usingoje mpaka ukose hata mtu wa kumwambia. Sema pale pale unapoulizwa. Mimi niliulizwa, mbele ya watu wote, na yule mama alikuwa ananitazama.