Stendi Nyeusi na Stendi Nyepesi

Katika studio ya mjomba pale Ngara mjini kulikuwa na stendi mbili za kamera, na nilizijua kuliko nilivyowajua ndugu zangu. Nyeusi ilikuwa ya chuma, nzito, ya kurekodia video za harusi. Kichwa chake kilikuwa na mafuta ndani na mkono mrefu wa kushikia kwa nyuma. Ukikigeuza kinakwenda taratibu bila kushtuka. Ya pili ilikuwa nyepesi, ya aluminiamu, yenye kichwa cha gololi kilichochakaa: unakaza skrubu, kamera inatulia, halafu inainama kidogo kidogo kama mzee anayesinzia kanisani. Hakuna aliyenifundisha haya. Nilijifunza kwa kuharibu filamu na kutukanwa.

Miaka ile ya wakimbizi, mjomba alipata kazi ya kupiga picha watoto waliopotezana na wazazi wao, kambini Lukole. Picha zingebandikwa kwenye mbao, wazazi wapite watazame. Akanituma mimi. Chini ya turubai mwanga ulikuwa hafifu na flashi yetu ilikuwa imekufa, hivyo kila picha ilitaka muda mrefu na stendi isiyotikisika. Nikachagua nyeusi. Kisha, kwa wasiwasi wangu, nikabeba na ile nyepesi.

Watoto walikaa kitini mmoja mmoja mpaka ikafika zamu ya binti wa kama miaka sita. Nilipoishika kamera kwa ule mkono mrefu na kuielekeza kwake, alijitupa chini kifudifudi, mikono kisogoni. Wenzake kwenye foleni wakacheka. Mmoja akamwambia kwa Kirundi, ambacho sisi Wahangaza wa Ngara tunakisikia bila taabu, "Lala hivyo hivyo, labda watakuruka tena."

Mlezi wao, mama mmoja mwenye haraka, alinieleza kwamba kilimani kwao bunduki kubwa ilisimama juu ya miguu mitatu kama ile, na waliopona ni waliolala chini kati ya maiti. Akamnyanyua, akamkalisha, akamshika kidevu.

"Piga, baba. Wengine wanasubiri."

Nikapiga. Sikuridhika. Nikaiondoa nyeusi, nikafunga kamera kwenye ile nyepesi, nikaifupisha miguu mpaka ikawa kama kigoda. Mtoto akainua macho. Kichwa cha gololi kikaanza kuinama chenyewe, kamera ikamsujudia, naye akacheka, mdomo ukipanda upande mmoja. Nikapiga hapo hapo, nikijua picha imetikisika.

Mjomba alizisafisha zote mbili. Ile ya ukungu aliishika kwa vidole viwili kama panya mfu.

"Hii uliipiga huku unakojoa?"

Nilitaka kumwambia kwamba huyo ndiye mtoto mwenyewe. Lakini niliitazama, nikaona kope zilivyovurugika, nikaingiwa na aibu. Akaichana, na kipande chake cha filamu akakikatakata, mimi nimesimama pale. Ile nyingine aliisifu: kali, safi, haina doa. Nilifurahi kusifiwa.

Picha hiyo ndiyo iliyobandikwa. Nilikuwa kambini siku mwanamke mmoja aliposimama mbele yake. Karani alimsomea jina la mtoto na la kilima cha kwao, na yote mawili yalikuwa yale aliyoyatafuta. Akaisogelea karatasi mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"Majina yanafanana," alisema. "Wangu anacheka kwa upande mmoja, hata akiugua. Huyu ana uso wa mtu mzima."

Nilimwambia nimemwona akicheka hivyo hivyo. Akauliza picha hiyo iko wapi. Nikajibu kwamba ilichanwa, haikuwa nzuri. Mtoto mwenyewe alikuwa ameshahamishiwa kambi nyingine, upande wa Biharamulo. Karani akamshauri apande lori akamwone kwa macho. Nami nikamsihi, nikaapa.

"Mwanangu, lori nimelipanda mara mbili kwa ajili ya picha. Mara mbili nimekuta mtoto wa mtu, ananing'ang'ania, ananiita mama, nami namwacha."

Alinitazama mikono, si usoni. Kisha akahamia ubao uliofuata, akaanzia juu kushoto.