Kikopo cha Mama Mkwe

Shemeji yangu, mume wa dada, kazi yake ni kupima vipimo. Ukimletea mashine ukamwambia inagundua kifua kikuu, haulizi bei. Anauliza, "Inagundua ikiwa wapi?" Wenzake wa maabara walimbandika jina la Pima Tena. Mimi ninayeishi kwa kununua na kuuza nilimwelewa: redio ya dukani huimba vizuri, ipeleke nyumbani ndipo uijue.

Mwaka ule alikabidhiwa mashine ndogo ya kupima makohozi, aijaribu hospitali kuu na zahanati ya mtaani kwetu, kisha aseme kama inafaa kote. Hospitali mashine haikuwa na dosari. Zahanati karibu kila jibu lilitoka safi, na wagonjwa wakazidi kukonda. Akakagua umeme, joto, vumbi. Akabadilisha betri. Wapi!

Wakati huohuo mama yetu alikuwa anakohoa. Dada akamjia juu mumewe: "Mashine unayo, mama unaye, unangoja nini?"

Akampeleka zahanati. Pale wakati huo hakukuwa na faragha. Kikopo unapewa ukumbini, foleni nzima inakutazama. Mama akakipokea, akajifunika mtandio, akakirudisha. Jibu: hana kitu.

"Mama mzima," shemeji akatutangazia. "Baridi tu hiyo."

"Si upime tena, ndilo jina lako?" nikamtania.

"Nimerudia kikopo kilekile mara mbili, shemeji. Usinifundishe kazi."

Muuzaji akishakwambia bei haipungui, huna la kufanya ila kuondoka. Mama naye akapungua, mpaka pete ikawa inamvuka kidole. Alipoanza kukosa pumzi tukambeba hadi hospitali kuu.

Muuguzi akampa kikopo. Shemeji alikuwa amesimama kando ya kitanda. Mama akatema kidogo, kama anayelowesha stempu.

"Bibi, hayo mate. Mimi nataka makohozi, yavute toka kifuani."

"Makohozi nayajua, mwanangu. Nitayatoaje na mkwe wangu kanisimamia?"

Muuguzi akacheka. "Mkwe, hebu tupishe, unatuharibia kazi!"

Shemeji hakucheka. "Na kule zahanati, mama?"

"Kule ulikuwepo wewe na mtaa mzima. Nilikupa nilichoweza."

Akatoka. Nilimkuta nje ameegemea nguzo.

"Mashine haina kosa," akasema. "Muda wote huu nimekuwa nikiwapima watu mate."

Safari hii lilikuja jibu la kweli, na lilikuwa baya. Dawa zikaanza, lakini mapafu yalikuwa yameshaliwa.

Wakubwa wake wa kazi walikuwa wanamdai neno moja: inafaa au haifai. Nikamshauri asiuze jibu nusu. "Waambie inafaa, ila pamoja na ukuta. Bila ukuta, wasinunue." Aliwaambia hivyohivyo. Wakabishana, wakasogeza tarehe, wakakubali. Nyuma ya zahanati sasa pana kibanda cha mabati kisicho na paa, mtu anaingia peke yake, anakohoa atakavyo. Kilijengwa tukiwa tumeshamzika mama.

Dada hajamlaumu mumewe kwa kinywa. Nyumba inaendelea, chakula kinapikwa, watoto wanakwenda shule. Ila juzi kifua kilimbana, akampita shemeji sebuleni, akaja kugonga kwangu.

"Kaka, nipeleke wewe."

Nikachukua funguo.