Udi kwenye Mkono wa Julie

Muuza manukato wa soko letu la Albertville hakukubali mtu anunue mafuta kwa kunusa chupa. Alikuosha kifundo cha mkono, akakupaka tone moja kwa njiti ya kiberiti, kisha akakuambia kwa sauti ya chini, "Tembea kwanza, Mama. Utarudi kisha." Mimi niliuza vitenge kando yake na nilijaribu mafuta yote. Waridi lilichacha mkononi mwangu kama maziwa, lakini kwa dada yangu lilibaki tamu hadi jioni. Udi ulianza na ukali wa moshi, ukaishia kama asali. Nilipomwuliza muuzaji sababu, alicheka tu na kuninusa mkono tena.

Siku moja alikuja Mama Léontine, ambaye mume wake, fundi wa reli, alikufa Nyunzu wakati wa vita. Alitaka udi aliokuwa akijipaka marehemu. Alipakwa, akazunguka soko, akarudi machozi yakimlenga.

"Papa, haiko hii."

"Njo hii hii, Mama," muuzaji alisisitiza kuwa ndiyo yenyewe. "Mimi njo nilimuuzishia."

Kisha akamgeukia Julie, binti mkubwa wa Mama Léontine na marehemu, aliyekuwa amemsindikiza mama yake. "Leta mukono, mutoto wangu." Akampaka. Tulingoja wote, hata mimi niliacha wateja wangu. Mwishowe Mama Léontine aliinamia mkono wa binti yake, akaunusa.

"Njo yeye, baba yako," alisema.

Muuzaji alifunga chupa vizuri, akampa Julie.