Ugoro wa Metui na Kipimo cha Nyumbani

Metui analinda maduka yetu hapa Karatu, na tangu nimfahamu sikuwahi kumwona amechanganyikiwa. Mwizi akija, ana rungu. Baridi ikija, ana shuka. Lakini asubuhi moja nilimkuta mlangoni kwangu ameshika kikasha kidogo kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Kikasha kilitoka kwao Kakesio, kwa mkewe Nailantei, ambaye ni mjamzito. Kliniki walikuwa wamempa kipimo cha VVU cha kujipima nyumbani ampelekee mumewe. Akamtuma ndugu akilete, na ujumbe mfupi: ajipime kwanza, ndipo aende waongee. Majibu yake mwenyewe hakuyataja. Metui alipompigia, mkewe alirudia yaleyale, akakata simu.

"Mama Zulfa, sielewi," akaniambia. "Huyu ananiita au ananifukuza?"

Mimi mafumbo ya wanandoa hunichosha, ila huyu nilimwonea huruma. Nikamwingiza ndani, nikamwekea kwenye simu yake programu ya maelekezo iliyotajwa kwenye kikasha, nikawa namsomea, maana kusoma kunampa taabu. Simu ikauliza kama ametoka kula au kunywa. Akasema hajatia kitu kinywani tangu jana. Basi akapitisha kijiti kwenye fizi, akakitumbukiza kwenye kichupa, simu ikaanza kuhesabu dakika.

Ilipolia, tuliinama wote wawili. Picha ya kwenye simu ilieleza vizuri: mstari mmoja, huna virusi; miwili, nenda kituo cha afya wakuthibitishie. Chetu hakikuwa na mmoja wala miwili. Kilikuwa na doa la kahawia.

Metui akasema pengine ugonjwa wake bado mchanga, haujapata mstari. Nilitaka kucheka, machozi yakanilenga. Nikabonyeza pale pa kumpigia mshauri, akapokea dada mmoja mpole, Lusia, akauliza kama kulikuwa na kitu chochote mdomoni. Metui akakana tena. Anakana, na mimi naona mdomo wake wa chini umetuna kama siku zote.

"Toa hicho," nikamwambia.

"Ugoro si chakula, Mama Zulfa."

Lusia akasema kipimo hicho kimeharibika kwa ugoro, hakisemi ndiyo wala hapana. Asukutue vizuri, akae bila ugoro, atafute kingine. Nilikwenda kukichukua mwenyewe kituo cha afya, njia nzima namsema peke yangu. Niliporudi nilimkuta anazunguka dukani, mikono haijui pa kukaa.

Safari hii ulitokea mstari mmoja. Metui akanikumbatia, mtu ambaye hata salamu hunipa akiwa mbali. Papo hapo akampigia Nailantei kumwambia kwamba nyumba yao iko salama, kwa sababu kwake yeye kipimo cha mume ni kipimo cha nyumba nzima. Waliongea Kimaasai, sikuambulia neno, ila niliona uso wake ukisawijika. Akaishusha simu bila kuikata.

Nailantei anavyo virusi, akanieleza. Ameanza dawa. Alinyamaza kwa sababu aliogopa kwamba Metui akisikia yake kwanza, angekimbia bila kujipima.

Kisha akaniomba nimsomee tena mwisho wa yale maelekezo. Nikasoma: huna maambukizi, endelea kujikinga.

"Nijikinge na Nailantei?"

Mtaa huu mzima mimi ndiye mwenye jibu la kila mtu, lakini hili lilikuwa la Lusia. Nikampigia kwa simu yangu, kwa namba iliyokuwa kwenye kikasha. Akamweleza kwamba dawa zitamlinda mkewe, kwamba mtoto anaweza kuzaliwa salama, kwamba hata yeye mwenyewe zipo dawa za kumkinga, ila waende kliniki wote wawili. Metui aliitikia kila neno, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyepotea njia kwao.

Akainua tena ile simu yake. Nailantei alikuwa bado anasubiri. Akamwambia maneno machache, akakata, akajifunga shuka.

Nikamuuliza amemwambia nini.

"Nimemwambia nakuja," akasema. "Mengine bado sijaelewa."